Mguu Hausikii Maelezo



Wengi wenu mmetuuliza kwa nini mkono wetu wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji tuliporudi kutoka Uingereza, nasi tumekuwa tukijibu kwa kifupi kwamba tulianguka. Jibu hilo ni la kweli, lakini si kamili. Mtu huweza kuanguka kwa utelezi, na huweza kuanguka kwa kujiamini. Sisi tulianguka kwa yote mawili, na la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Kwa kuwa wengi wenu mnaendesha pikipiki, na wengi zaidi mnaazimana pikipiki, twaona ni wajibu wetu kuwasimulia kisa chote, kisha tuseme tunachokiamini juu yake.

Tulikuwa tumekwenda kushika nafasi ya paroko mmoja aliyekuwa likizoni, katika kijiji chenye mashamba ya ngano na malisho ya kondoo. Mzee mmoja wa pale, fundi mstaafu, alisikia kwamba huku nyumbani tunazungukia vigango kwa pikipiki, akatualika kwake siku ya Jumamosi. Alifungua mlango wa ghala lake, na humo tukakuta pikipiki kadhaa za zamani za porini, zimepanguswa na kutiwa mafuta kama vile zatoka kiwandani jana.

Ni vema tuwaeleze pikipiki hizo ni za kazi gani. Katika nchi ile yapo mashindano ya kupita mahali pagumu, kwenye mawe, matope na vijito, ambamo mshindi si yule aliye na mbio, bali yule anayepita bila kutua mguu chini; kila mguu unapogusa ardhi, mpanda pikipiki huhesabiwa kosa. Yapo pia mashindano ya mbio katika viwanja vya matope na vilima. Leo wako wazee, na vijana pia, wanaoshindana kwa mashine zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1965 tu, wakizitunza kwa upendo mkubwa. Mwenyeji wetu alikuwa mmoja wao.

Alituonyesha mbili zilizosimama ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ilikuwa Matchless G80CS, ya sentimita za ujazo 500, iliyotengenezwa Plumstead, London, karibu na mwaka 1960. Ya pili ilikuwa Yamaha DT-1, ya sentimita za ujazo 250, aina iliyotoka Japani mwaka 1968. Kwa mbali zilifanana: magurudumu mawili, tangi, kiti, matairi yenye meno. Lakini mzee aliinama, akagusa kanyagio za moja, kisha za nyingine. Katika ile ya Japani gia iko mguu wa kushoto, na breki ya nyuma iko mguu wa kulia, kama pikipiki tuzijuazo sote. Katika ile ya Uingereza mambo yamegeuka: gia iko mguu wa kulia, na breki ya nyuma iko mguu wa kushoto. Tena si upande tu uliogeuka. Katika Matchless ile, gia ya kwanza huingizwa kwa kunyanyua kanyagio, na gia zifuatazo huingizwa kwa kukanyaga chini. Wakati katika pikipiki zetu nyingi ya kwanza hukanyagwa na nyingine hunyanyuliwa.

“Padre,” alisema, “umenielewa? Kulia ni gia, kushoto ni breki.”

Tukamjibu kwamba tumeelewa. Na ni kweli tulikuwa tumeelewa. Hapo ndipo penye kiini cha tafakari yetu ya juma hili: kwamba tulielewa, na kuelewa hakukutusaidia kitu.

Tulizunguka malisho mara ya kwanza kwa hofu, polepole, tukijikumbusha kila hatua. Mara ya pili tulikwenda vizuri. Mara ya tatu tulianza kufurahi, kwa maana mashine ile ina sauti nzito ya kupendeza na nguvu ya kupanda kilima bila kuhangaika. Mara ya nne tulikuwa tukiteremka kuelekea lango la uwanja, tukiyatazama mashamba, tusiwaze tena juu ya miguu. Ghafula mjukuu wa mzee, mtoto wa miaka kama tisa hivi, akalifungua lango na kusimama katikati ili atupishe.

Mkono wa kushoto ulibana klachi. Mguu wa kulia ulikanyaga kwa nguvu zote. Huku nyumbani, kwa miaka zaidi ya ishirini, kitendo hicho kimetusimamisha mbele ya mbuzi, mbele ya mashimo, mbele ya watoto wa shule. Pale hakikusimamisha kitu. Gia ilipanda, na kwa kuwa klachi ilikuwa imebanwa, pikipiki iliachwa huru iteremke kama gari lililokatika kamba. Tukakanyaga tena, kwa nguvu zaidi, kanyagio lile lile. Mguu wa kushoto, uliokuwa juu ya breki ya kweli, ulikaa kimya, kwa maana katika maisha yetu yote hatukuwahi kuufundisha kusimamisha chochote.

Kilichotuokoa ni mkono wa kulia, ambao breki yake ya mbele iko mahali pale pale katika mashine zote mbili. Tuliivuta, gurudumu la mbele likateleza juu ya majani mabichi, tukaanguka. Pikipiki iliteleza ikagonga nguzo ya lango. Mtoto alikuwa hatua mbili kutoka nguzo ile. Hakuumia. Sisi tuliteguka kifundo cha mkono, na mzee wa watu akapauka uso, akaenda kumshika mjukuu wake kabla ya kuja kutuinua. Alifanya vema kuanza huko.

Usiku ule hatukulala upesi. Tulijiuliza swali ambalo pengine nanyi mnajiuliza: ni nani aliyebuni upuuzi huu wa kuweka breki upande usiofaa? Tulipotafuta jibu, tuligundua kwamba swali lenyewe lilikuwa na kosa. Hakuna upande usiofaa.

Hapo mwanzo pikipiki nyingi zilibadilishwa gia kwa mkono, kwa fimbo iliyokuwa ubavuni mwa tangi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Harold Willis, mhandisi wa kampuni ya Velocette ya Uingereza, alitengeneza gia ya mguu ambayo kila mkanyago mmoja huingiza gia moja tu, kisha kanyagio hurudi mahali pake. Ubuni huo ulienea, lakini hapakuwa na mtu wa kuwaamuru watengenezaji wote waweke kanyagio upande gani. Viwanda vya Uingereza, kama BSA, Triumph, Norton, Matchless na Royal Enfield, viliweka gia kulia. Bultaco ya Hispania ya miaka ya 1960 nayo iliweka kulia. Viwanda vya Japani viliweka kushoto. Jawa na CZ za Chekoslovakia ziliweka kushoto pia, tena kwa namna ya ajabu, kwa kuwa wenzo ule ule wa gia uligeuzwa na kuwa kiki ya kuwashia injini. Hata juu ya usukani hapakuwa na mapatano ya tangu awali: pikipiki nyingi za Indian za Marekani zilikuwa na mshikio wa mafuta mkono wa kushoto.

Wala msidhani kwamba waliobadilisha gia kwa mguu wa kulia walikuwa waendeshaji duni. Jeff Smith alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za matope kwa daraja la 500 mwaka 1964 na mwaka 1965, juu ya BSA yenye gia kulia. Sammy Miller, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, alishinda mashindano magumu ya siku sita ya Scotland mwaka 1965 juu ya Bultaco yenye gia kulia. Miguu yao haikuona tatizo lolote, kwa sababu ilikuwa imelelewa hivyo. Kwao sisi ndio tungeonekana tuliogeuzwa.

Mapatano yalikuja kwa njia ya sheria. Serikali ya Marekani iliagiza kwamba kila pikipiki iliyotengenezwa kuanzia tarehe 1 Septemba 1974 kwa ajili ya kuuzwa nchini humo iwe na gia mguu wa kushoto na breki ya nyuma mguu wa kulia. Kwa kuwa soko la Marekani lilikuwa kubwa, viwanda vilitii. Harley-Davidson ilihamisha gia ya Sportster kwenda kushoto kwa toleo la mwaka 1975. Norton ilifanya hivyo mwaka huo huo katika Commando yake. Haikuwa kazi ya kufungua skrubu moja na kuifunga upande wa pili: shafti ya gia ilikuwa ikitokeza upande wa kulia wa mashine, hivyo ilibidi mafundi watafute njia ya kuuvusha mwendo wa mguu kutoka upande mmoja hadi mwingine, na breki nayo ivushwe kinyume chake. Royal Enfield Bullet za India ziliendelea na gia ya kulia kwa miaka mingi baada ya hapo, na nyingi za aina hiyo bado ziko barabarani.

Basi, ndugu wapendwa, tofauti ile haikutokana na ujinga wa mtu. Ilitokana na watu wema wa viwanda mbalimbali, kila mmoja akifanya kazi yake bila kumwaza atakayetoka kwa jirani. Sheria ya mwaka 1974 haikusema kwamba kushoto ni bora kuliko kulia. Ilisema tu kwamba mgeni anapopanda mashine asiyoijua, mguu wake ukute kile unachokitazamia. Sisi tunaiona sheria hiyo kuwa ni aina ya ukarimu.

Hata hivyo sheria hiyo haikuzigusa mashine zilizokwisha kutengenezwa. Zipo, zinawaka, zinapendwa, na kila Jumamosi mtu fulani aliyeendesha pikipiki ya kisasa toka Jumatatu hadi Ijumaa huivuta ghalani ile ya zamani na kuipanda. Huyo afanye nini? Katika kupanda mahali pagumu swali hili lina uzito kuliko barabarani. Mpanda pikipiki wa porini husimama juu ya miguu yake, uzito wote wa mwili ukiwa juu ya vikanyagio. Anapoteremka mwamba wenye utelezi huitegemea sana breki ya nyuma, kwa sababu ile ya mbele huweza kumwangusha kama ilivyotuangusha sisi. Hana nafasi ya kufikiri. Mguu ndio unaofikiri kwa niaba yake.

Wako wanaosema: badilisha mashine. Weka shafti ya kuvusha, hamisha gia kushoto na breki kulia, uwe salama. Wako wanaosema: usiiguse, kwa maana mashine ya kale iliyobadilishwa si ya kale tena, jifunze mwenyewe. Tumewasikiliza wa pande zote mbili, na twaona kila upande una sehemu ya haki. Lakini wote wawili wanapita kando ya jambo lililotupata sisi.

Jambo lenyewe ni hili. Hatukuanguka katika mzunguko wa kwanza, tulipokuwa wageni. Tulianguka katika mzunguko wa nne, tulipojiona wenyeji. Hofu ilipokuwepo, kichwa kilisimamia miguu. Hofu ilipoondoka, kichwa kiliondoka pamoja nayo, na miguu ikarudi kwa bwana wake wa zamani, yaani mazoea ya miaka ishirini. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Taabu kubwa ya mazoea ni kwamba hayaondoki unapojifunza mapya. Hujificha chini yake, yakisubiri saa ya hofu.

Tukio moja kubwa la historia lathibitisha jambo hili. Tarehe 3 Septemba 1967, alfajiri, nchi nzima ya Sweden iliacha kuendesha magari upande wa kushoto na kuanza kuendesha upande wa kulia. Mngetazamia ajali ziongezeke siku zile. Kinyume chake zilipungua, kwa kuwa kila dereva aliendesha kwa uangalifu wa mtu anayetembea gizani. Baadaye, watu walipozoea na kulegea, ajali zilirudi kiwango chake cha awali. Wageni walikuwa salama kuliko wenyeji.

Hapa karibu nasi kuna shule ya namna hiyo. Madereva wetu wanaovuka daraja la Rusumo kwenda Rwanda hutoka nchi ya kuendesha kushoto na kuingia nchi ya kuendesha kulia. Pale darajani kila mmoja hukumbuka, kwa maana mpaka wenyewe unamkumbusha. Saa ya kuogopa ni ile ya baadaye, anapotoka mgahawani akiwa ameshiba, barabara ikiwa tupu, hakuna gari lingine la kumwonyesha upande wake. Hapo mkono huugeuza usukani kwenda nyumbani.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya, nasi twayasema kwa unyenyekevu wa mtu aliyekwisha kuanguka. Pikipiki ya kale na ibaki kama ilivyotengenezwa ikiwa mwenye nayo yuko tayari kuilipia gharama yake, na gharama hiyo si fedha. Gharama ni kukubali kwamba kila unapoipanda wewe ni mwanafunzi wa siku ya kwanza, hata kama umeipanda mara mia. Kabla ya kuondoka, zunguka polepole kwa dakika kadhaa mahali pasipo na mtu. Simamisha mashine mara kumi kwa mguu wa kushoto, si kwa kuhitaji kusimama, bali ili mguu upate kukumbuka. Sema kwa sauti upande wa breki. Watu wakikucheka, waache wacheke. Usitoke juu ya mashine ya upande mmoja na kupanda ya upande mwingine saa hiyo hiyo. Na mkono wa kulia uzoeshwe breki ya mbele vizuri, kwa nguvu ya kadiri na si ya kushtuka, maana hiyo ndiyo isiyohama upande.

Lakini yule asiyeweza kulipa gharama hiyo, au anayepanda mahali penye watoto na watu wengi, na abadilishe mashine yake bila haya. Twajua wapenzi wa vitu vya kale watanung'unika. Tunawaheshimu, kwa kuwa kutunza kazi ya mikono ya waliotutangulia ni jambo jema. Hata hivyo, tumemwona mtoto amesimama hatua mbili kutoka nguzo ile, na tangu siku hiyo hatuwezi kukubali kwamba uasilia wa kanyagio la chuma una thamani ya kulinganishwa naye.

Neno letu la pili linamhusu mwenye kuazimisha, na hapa tunarudi nyumbani. Mzee yule alitueleza kwa usahihi wote. Hakuna alichoficha. Hata hivyo alituambia baadaye kwamba anajilaumu, nasi tulipomtuliza alitikisa kichwa. “Niliongea na masikio yako,” alisema, “na waliokuwa wakiendesha ni miguu.” Tangu hapo, alisema, mgeni yeyote atakayepanda mashine yake atasimamishwa kwa ghafula mara kumi na mbili kabla ya kuruhusiwa kwenda. Hatambwagia mtu maneno tena akadhani amemfundisha.

Sisi huku hatuna Matchless za kale za kuchezea malishoni. Lakini tuna pikipiki nyingi, na hazifanani kama tunavyodhani. Katika nyingine gia ya kwanza hukanyagwa na zilizobaki hunyanyuliwa. Katika nyingine gia zote hukanyagwa chini moja baada ya nyingine. Honda Super Cub, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1958 na ambayo imetengenezwa kwa wingi kuliko chombo kingine chochote cha moto duniani, haina hata wenzo wa klachi mkononi. Kijana aliyezoea ya aina moja akipanda ya aina nyingine, akataka kupunguza gia mteremkoni, mguu wake huweza kuongeza badala ya kupunguza, na mashine ikakimbia pale alipotaka itulie. Upande wa gia ni ule ule, lakini mtego ni ule ule pia.

Nasi tunaazimana vyombo hivi kwa wepesi gani! “Kaka, niazime pikipiki nifike hapo sokoni.” Ufunguo hutupwa hewani, hudakwa, na mtu huyo ameondoka, pengine na mama na mtoto nyuma yake. Hatuulizi amezoea ipi. Naye haulizi gia zake zinaingiaje, kwa sababu kuuliza kungemwonyesha kuwa si dereva mzoefu mbele ya vijana wenzake pale kijiweni. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini kijiweni methali hiyo husahaulika upesi. Ndugu zetu wa bodaboda, tunawasihi kama wazazi: dakika mbili za kuuliza na kujaribu mahali patupu si aibu. Nanyi wenye kuazimisha, msiseme tu. Mwangalieni mwenzenu anavyosimama, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, ndipo mumwache aende.

Sisi wenyewe tumeanza. Pikipiki ya parokia haitoki tena mikononi mwa katekista wala mwa mgeni yeyote kabla hajaizungusha uani na kuisimamisha mbele yetu mara kadhaa. Wako waliotabasamu. Mmoja, ambaye ana leseni ya miaka mingi, alituuliza kwa upole kama tunamtilia shaka. Tukamjibu kwamba hatumtilii shaka yeye. Tunautilia shaka mguu wake, kama tunavyoutilia shaka wetu.

Huenda mtu akasema kwamba tumelikuza jambo dogo la vikanyagio. Twakubali kwamba ni dogo. Lakini tumekuwa tukilitafakari kwa majuma mengi, na kila mara tunajikuta tunafikia mahali pamoja. Saa ya hatari mwanadamu hafanyi kile anachokijua. Hufanya kile alichokizoea. Maelezo mazuri, nia njema, hata kukubali kwa moyo wote, vyote hubaki nyuma kwa nukta ile moja, na kinachotangulia ni kile ambacho mwili umerudia mara elfu. Walimu wa kale wa maadili walijua hivyo, ndiyo maana waliita wema mazoea, wala hawakuuita elimu. Mwenye kutaka mguu wake ufanye haki katika saa ya hofu, aufundishe katika saa ya utulivu, na asiamini hata siku moja kwamba amekwisha kuufundisha.

Juma lililopita tulipokea barua kutoka kwa mzee yule. Matchless imenyooshwa usukani, na nguzo ya lango imewekwa mpya. Anatualika tena, na ameongeza kwamba mjukuu wake ndiye atakayetusimamia, akihesabu kwa sauti mara kumi na mbili za kusimama, wala hatatupunguzia hata moja. Tumejibu kwamba tutakuja Mungu akipenda, na kwamba tunamwomba mtoto huyo ahesabie akiwa nje ya uzio.

Tunawatakia juma jema, na safari salama ninyi nyote mlio barabarani.